Mapunye: Kwa nini krimu pekee haiwezi kumponya mwanao

MZAZI anapogundua baka la mviringo lililopukutika nywele kichwani mwa mwanawe, wengi hukimbilia hatua mbili: humpeleka mtoto kwa kinyozi anyolewe kipara, kisha hupitia katika duka la dawa lililo karibu kununua tyubu ya krimu.

Baada ya wiki mbili hivi baka hufifia, mwasho hupungua na mzazi hujiona ameshinda vita. Lakini mara nyingi mwezi hauishi kabla ya baka jingine kuchomoza kando ya lile la kwanza. Baadaye maradhi humwandama mdogo wake wanayelala kitanda kimoja, na muda si muda nyumba nzima inajikuna.

Hali hii ndiyo inayofanya mapunye, ambayo katika sehemu nyingi za nchi hujulikana zaidi kama mashilingi, yaonekane kana kwamba ni maradhi yasiyo na tiba. Ukweli ni kwamba yanatibika kabisa. Tatizo ni kwamba wengi huyashambulia mahali yasipokuwa.

Si mnyoo

Waingereza huyaita maradhi haya kwa jina lenye maana ya mnyoo wa pete. Jina hilo limewafanya baadhi ya wazazi kuamini kwamba kuna mdudu anayetambaa chini ya ngozi, hata wakawanunulia watoto dawa za minyoo. Hakuna mnyoo wowote unaohusika.

Mapunye husababishwa na kuvu, yaani viumbe wa jamii moja na ukungu unaoota kwenye mkate uliochacha. Kuvu hii ya ngozi hujilisha kwa keratini, ile protini ngumu inayounda nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Inapopata makao kichwani, huteremka na unywele hadi shinani, ikautafuna na kuudhoofisha mpaka ukatike.

Aliyeifafanua kuvu hii kwa mara ya kwanza kwa kina ni David Gruby, daktari mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi jijini Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1840. Hiyo ilikuwa miongo kadhaa kabla ya Robert Koch kutangaza mnamo 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria. Kwa hivyo mapunye ni miongoni mwa maradhi ya kwanza ya binadamu kujulikana kuwa huletwa na kiumbe kisichoonekana kwa macho.

Kuvu zinazoshambulia nywele ziko katika makundi mawili makuu, Trichophyton na Microsporum. Miongoni mwa aina zinazopatikana sana Afrika Mashariki ni Trichophyton violaceum, ambayo huishi kwa binadamu na huenea kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Tafiti zilizofanyiwa wanafunzi wa mitaa ya mabanda ya Kibera na Mathare, Nairobi, zimeonyesha kwamba kuvu hizi zimejikita miongoni mwa watoto wa shule, hasa pale wanapoishi kwa msongamano.

Kwa nini watoto?

Ni nadra kumpata mtu mzima mwenye mapunye. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa kati ya umri wa miaka mitatu na kumi na minne, na hili lina sababu yake.

Mtoto anapobalehe, homoni huchochea ngozi ya kichwa kutoa mafuta mengi zaidi. Ndani ya mafuta hayo mna asidi zinazozuia kuvu kustawi. Kabla ya umri huo, kichwa cha mtoto hakina ngao hiyo. Ndiyo maana watoto wengine hupona wenyewe wanapovunja ungo au sauti inapobadilika, jambo linalowafanya wazee kusema kuwa haya ni maradhi ya utotoni yasiyohitaji dawa.

Kauli hiyo ina hatari yake. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuambiwa asubiri miaka minane au tisa ili apone, huku akiambukiza wenzake na pengine akipoteza baadhi ya nywele zake milele. Mtu mzima naye akipatwa na mapunye, anafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa huenda kinga yake ya mwili imedhoofika.

Yanavyoenea

Kuvu huzaa chembe ndogo mno za mbegu ambazo hudondoka pamoja na magamba ya ngozi na vipande vya nywele. Chembe hizo zinaweza kukaa kwa miezi kadhaa kwenye kitana, brashi, kofia, kitambaa cha kichwa, mto au mashine ya kunyolea, zikisubiri kichwa kingine.

Kwa hivyo watoto huambukizana wanapogusanisha vichwa wakicheza, wanapolala kitanda kimoja, wanapoazimana kofia na skafu, au wanaposukwa kwa kitana kimoja. Kunyolewa huongeza hatari hiyo kwani mashine huacha mikwaruzo isiyoonekana, nayo ni mlango wazi kwa kuvu.

Kuna pia kuvu zitokazo kwa wanyama. Microsporum canis huletwa na paka na mbwa, hasa watoto wa paka ambao huenda wasionyeshe dalili yoyote. Katika maeneo ya wafugaji, ndama wenye mabaka ya kijivu yaliyokauka usoni na shingoni wanaweza kumwambukiza mtoto anayewachunga kuvu iitwayo Trichophyton verrucosum, ambayo huleta uvimbe mkali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu anaweza kubeba kuvu kichwani bila kuwashwa wala kuwa na baka hata moja. Ndugu, mama au nyanya mwenye nywele zinazong'aa anaweza kuwa ndiye anayemrudishia mtoto maradhi kila anapopona.

Dalili

Mapunye hayana sura moja. Sura inayofahamika zaidi ni ile ya baka la mviringo mithili ya sarafu, lenye magamba ya kijivu na nywele zilizokatikia karibu na ngozi. Mtoto huwashwa, ingawa si lazima.

Sura ya pili ni ya vidoa vyeusi. Hapa kuvu huwa imeingia ndani kabisa ya unywele, nao hukatika pale pale unapotokeza kwenye ngozi. Kinachobaki ni nukta nyeusi zilizotapakaa mahali palipo na upara. Kuvu ya Trichophyton violaceum husababisha sura hii mara nyingi.

Sura ya tatu hudanganya zaidi kwa sababu hufanana na mba. Kichwa chote huwa na ungaunga mweupe bila upara dhahiri. Mama humpaka mtoto mafuta ya nywele kila asubuhi, nayo huyaficha magamba bila kuyaondoa. Wataalamu wa ngozi husisitiza kuwa mba wa kawaida si jambo la mara kwa mara kwa mtoto ambaye amepita uchanga na hajabalehe. Kwa hivyo mtoto wa shule ya msingi mwenye ungaunga usioisha kichwani, hasa akiwa na tezi zilizovimba kisogoni, anafaa kushukiwa kuwa na mapunye hadi ithibitishwe vinginevyo.

Si kila upara, hata hivyo, ni mapunye. Msichana anayesukwa kwa kukazwa sana anaweza kupoteza nywele za pembeni mwa paji bila magamba yoyote. Kuna pia ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele na kuacha duara laini lisilo na ungaunga wala mwasho. Magamba na nywele zilizokatika ndiyo alama inayotofautisha mapunye na hali hizo.

Jipu lisilo jipu

Mwili wa mtoto unapopambana na kuvu kwa nguvu nyingi, hutokea uvimbe laini, unaouma na unaovuja usaha kupitia matundu mengi. Mtoto huweza kupata homa na tezi za shingo zikavimba.

Wazazi wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, huudhania kuwa jipu. Mtoto hutumbuliwa kwa wembe au hupewa dawa za bakteria wiki nenda wiki rudi pasipo nafuu. Kuutumbua uvimbe huu hakusaidii, bali humuumiza mtoto na kuongeza kovu. Tiba yake ni ile ile ya kumeza dawa ya kuvu, huku tabibu akiongeza dawa nyingine iwapo bakteria pia wameingia.

Uvimbe huu ukicheleweshwa, mizizi ya nywele hufa na mahali pake huota kovu. Nywele hazitaota hapo tena, na upara huo atautembeza mtoto maisha yake yote. Hii ndiyo sababu kuu ya kuyachukulia mapunye kwa uzito unaostahili.

Uchunguzi

Katika zahanati nyingi tabibu hutambua mapunye kwa kuyatazama tu. Pale penye maabara, magamba na vipande vya nywele hukwanguliwa, vikawekwa katika maji ya kemikali ya potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini. Jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Kuotesha kuvu maabarani ili kujua aina yake huchukua wiki mbili hadi nne.

Baadhi ya hospitali hutumia taa ya mwanga wa urujuanimno iliyobuniwa na mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, mnamo 1903. Nywele zenye kuvu za kundi la Microsporum hung'aa rangi ya kijani chini ya taa hiyo. Hata hivyo, Trichophyton violaceum na Trichophyton tonsurans hazing'ai. Mzazi akiambiwa kuwa taa haikuonyesha kitu, asidhani kwamba mtoto hana mapunye.

Krimu hushindwa wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Baka la choa likiwa mkononi au tumboni, kuvu huwa iko juu ya ngozi na krimu huifikia. Kichwani mambo ni tofauti. Kuvu huwa imezama ndani ya unywele na kwenye kishimo ambamo unywele huota. Krimu ikipakwa huua kuvu iliyo juu, mwasho ukapungua, lakini ile iliyo shinani husalia salama na kuanza upya.

Dawa inayofika huko ni ile inayomezwa, kwa kuwa hupitia katika damu hadi mahali unywele unapoundwa. Dawa kongwe ya aina hiyo ni griseofulvini, iliyotolewa kwa mara ya kwanza kutoka kwa ukungu wa jamii ya Penicillium mnamo 1939 na kuanza kutumiwa kutibu binadamu mwaka wa 1958. Nyingine ni terbinafini, ambayo hufanya kazi vyema dhidi ya kuvu za Trichophyton kwa takriban wiki nne, na flukonazoli. Griseofulvini huwa bora zaidi dhidi ya kuvu za Microsporum.

Mhudumu wa afya ndiye anayepaswa kuamua dawa na kipimo, kwani kiasi hutegemea uzani wa mtoto. Kumkatia mtoto tembe ya mtu mzima kwa kukisia ni hatari, na kumpa kidogo kuliko kinachohitajika ni kupoteza wakati na pesa.

Kwa nini wiki sita?

Griseofulvini humezwa kwa wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Wazazi wengi huacha katika wiki ya pili au ya tatu wanapoona nywele zimeanza kurudi.

Sababu ya muda huo mrefu ni jinsi dawa yenyewe inavyofanya kazi. Haiiui kuvu moja kwa moja, bali huizuia kukua. Huingia katika keratini mpya inayoundwa shinani, hivyo sehemu mpya ya unywele huota ikiwa na kinga, huku sehemu ya zamani yenye kuvu ikisukumwa juu hadi itoke. Kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kazi hiyo haiwezi kukamilika kwa wiki mbili. Anayeacha mapema huiachia kuvu mlango wazi.

Dawa hii hufyonzwa vyema ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Glasi ya maziwa, parachichi, njugu au chakula kilichokaangwa hutosha. Mtoto anayeimeza kwa chai ya rangi tumbo likiwa tupu hapati manufaa kamili ya dawa aliyonunuliwa kwa taabu.

Kuna jambo jingine linalowatisha wazazi. Siku chache baada ya matibabu kuanza, baadhi ya watoto hutokwa na vipele vidogo vinavyowasha masikioni, shingoni na kiwiliwilini. Mara nyingi hivyo huwa ni ishara ya mwili kuitikia kuvu inayoangamizwa. Wazazi hudhani mtoto amedhurika na dawa, wakaiacha. Inafaa arudishwe kwa tabibu atofautishe mambo hayo mawili kabla ya uamuzi wowote kufanywa.

Shampuu zenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi haziponyi mapunye zikitumiwa peke yake, lakini hupunguza chembe zinazoenea. Inashauriwa mtoto aoshwe nazo mara mbili au tatu kwa wiki, na wenzake wa nyumbani wazitumie pia.

Tiba zinazodhuru

Adui mkubwa katika maduka ya dawa ni krimu zilizochanganywa na steroidi kama vile betamethasoni. Steroidi huondoa wekundu na mwasho kwa siku chache, lakini hulemaza kinga ya ngozi na kuipa kuvu nafasi ya kuenea. Baka hupoteza sura yake ya kawaida kiasi kwamba hata tabibu hutatizika kulitambua.

Wapo pia wanaopaka mafuta ya taa, maji ya betri au maji ya tunda la mtunguja. Vitu hivi huunguza ngozi laini ya mtoto, na kovu linalobaki linaweza kuwa baya kuliko ugonjwa wenyewe.

Historia ina funzo kuhusu tiba zinazotumiwa bila kupimwa madhara. Kabla ya griseofulvini kupatikana, madaktari katika nchi nyingi waliwamulika watoto eksirei kichwani ili nywele zing'oke pamoja na kuvu. Nchini Israel, watoto wapatao 20,000, wengi wao wa familia za wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walitibiwa hivyo kati ya 1948 na 1960. Utafiti wa Baruch Modan na wenzake uliochapishwa mnamo 1974 ulionyesha kwamba waliomulikwa walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya koo kwa wingi kuliko wengine. Mwaka wa 1994 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwafidia.

Shule na vinyozi

Mtoto mwenye mapunye hubeba mzigo mwingine usioonekana hospitalini. Hupachikwa majina, hutengwa kwenye dawati na wengine hukataa kuvua kofia hata wakati wa gwaride. Mwalimu anayemrejesha nyumbani mpaka apone humkosesha masomo kwa zaidi ya mwezi bila sababu ya kutosha.

Miongozo ya madaktari wa watoto ya Uingereza na Marekani husema mtoto anaweza kuendelea na masomo maadamu ameanza kumeza dawa. Cha muhimu ni asiazimane kofia, taulo wala kitana na wenzake. Wala si lazima anyolewe kipara ili dawa ifanye kazi.

Jukumu la mwalimu ni kutambua dalili mapema na kuwajulisha wazazi kwa siri. Visa vikiwa vingi darasani, afaa kuwaomba wahudumu wa afya wawapime watoto wote pamoja, kwani kumtibu mmoja na kuwaacha watano ni kuteka maji kwa pakacha.

Vinyozi nao wana sehemu yao. Kupuliza spiriti juu juu kwenye meno ya mashine yenye mabaki ya nywele hakutoshi. Mabaki hayo ndiyo yanayobeba kuvu, hivyo lazima yaondolewe kwanza kwa brashi, kisha meno yapanguswe kwa spiriti na kuachwa yakauke kabla ya mteja anayefuata. Vitana vioshwe kwa sabuni na kulowekwa katika maji yenye dawa ya klorini. Mzazi ana haki ya kusimama na kushuhudia hayo yakifanyika, au aende na mashine yake mwenyewe iwapo ana uwezo.

Nyumbani, foronya, mashuka na kofia zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kila mtoto awe na kitana chake. Ndugu wote wakaguliwe vichwa siku ile ile mmoja wao anapogunduliwa, na paka au mbwa mwenye mabaka apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Iwapo baka litaendelea kuenea baada ya wiki nne za kumeza dawa ipasavyo, au uvimbe wenye usaha ukatokea, mtoto anapaswa kupelekwa hospitali yenye mtaalamu wa ngozi. Hata nywele zikianza kuota, dozi na imalizwe kama ilivyoandikwa. Tembe za wiki ya mwisho, ambazo huonekana kama hazina kazi, ndizo zinazohakikisha kwamba kuvu iliyosalia shinani haipati nafasi ya kurudi.